Posa ya Mchoma Makaa

Shangazi yangu alinilea tangu mama alipofariki, na kati ya wanaume waliokuja kuniposa hakuna aliyewahi kumpendeza. Mmoja alicheka mno. Mwingine alikuwa na viatu safi kupita kiasi, na kwake hiyo ilikuwa dalili ya utapeli. Kwa hiyo huyu wa tatu alipokuja kwetu Kibuli, Kampala, kuposa, nilimwonya: ukiulizwa jibu, usijieleze. Bahati mbaya yeye ni fundi, na ukimwuliza fundi swali moja unapewa somo zima.

Alikuja na mjomba wake, askari polisi mstaafu wa kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyekaa kwenye kochi letu kama yuko kwenye gwaride. Sambusa zikapita. Shangazi akarekebisha mtandio wake, akamwuliza mchumba wangu anafanya kazi gani.

"Mimi nachoma makaa, mama. Huko South."

Ukweli ni kwamba anafanya kazi kwenye kituo cha umeme Afrika Kusini, penye tanuri la makaa ya mawe kubwa kuliko ghorofa, na umeme wake unaendesha migodi na viwanda vya jimbo zima. Lakini Kiswahili chake ni cha kambi ya polisi alikolelewa na mjomba, na yale maneno mawili, "ya mawe", aliyaacha hukohuko kambini. Kampala ukisema makaa, kila mtu anaona gunia, sigiri na mwanamke anayepuliza huku machozi yakimtoka.

Nilitegemea shangazi angewaka. Badala yake uso ukamnawiri. Siku hizi, kwa bei yake, gunia la makaa linaheshimiwa kuliko mbunge.

"Unachoma magunia mangapi kwa siku, baba?"

"Hapana gunia, mama. Inakuja na treni."

"Treni!" Akanigeukia, kwa mara ya kwanza akinitazama kama mtu mwenye akili. "Na unamwuzia nani?"

"Hatuuzi. Tunachoma yote."

"Mnapikia nini?"

"Hatupiki. Tunachemsha maji."

Sambusa ya mjomba ilikwama njiani kuelekea mdomoni.

"Treni nzima ya makaa," shangazi alisema polepole, "kuchemsha maji. Na chai hamnywi."

"Mvuke yake ndio inazungusha mashine, mama. Mashine inatoa umeme."

Nikaona ndoa yangu inaota mbawa. Nikajitosa kusaidia: hapa kwetu umeme unatoka mtoni na chakula kinaiva kwa makaa, na kule umeme unatoka kwenye makaa na chakula kinaiva kwa umeme. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, akasema basi na huko nako kuna wendawazimu, ila wa aina nyingine.

Kisha akamrudia. Na vumbi? Wanavaa barakoa. Na moto ukizimika?

"Hapana, mama, hatuachi izimike. Usiku na mchana lazima mtu awepo. Tunapokezana zamu."

"Kwa hiyo zamu yako ikiwa usiku, mwanangu analala na nani?"

Mjomba akakohoa. Mchumba wangu, mtu mkweli hadi anatia hasira, akasema, "Peke yake, mama. Lakini asubuhi nakuja."

Nilikuwa karibu kucheka. Halafu nikaona mikono ya shangazi. Mwanamke huyu huwakaripia mashehe hadharani, lakini sasa vidole vyake vilikuwa vinakunja ncha ya mtandio, vinaikunjua, vinaikunja tena. Siku zote nilikuwa nikiogopa atakataa. Ghafla niliogopa kwamba atakubali.

"Yeye peke yake huko," alisema, bila kumtazama yeyote, "na mimi peke yangu hapa."

Nikahamia kando yake, naye akauachia mtandio.

"Haya, someni Fatiha," akasema. "Upesi, kabla sijarudiwa na akili."