Mfarishi Wenye Mfuko

Mtaani walimwita Bibi Viraka, na jina likamkaa. Mchana alishona sare za shule kwenye chumba chake cha cherehani. Jioni alifungua gunia la vitambaa vilivyobaki, akaviunga kipande kwa kipande mpaka vikawa mfarishi: uso wa rangi rangi juu, pamba katikati, kitambaa kizito chini. Hakuuza hata mmoja. Mtoto akizaliwa, binti akiolewa, jirani akihama, mfarishi ulikwenda.

Kuandika jina lake kwenye mfarishi, hilo hakulitaka. Mumewe, fundi bomba mstaafu asiyeisha utani, alimsihi kila mara. Yeye ndiye aliyeibatiza mifarishi: huu Kelele za Jirani, ule Mvua Bila Mwavuli. Bibi Viraka alimjibu kwamba huko ni kujipigia debe, na waliopewa wanamjua.

Kisha akateleza bafuni, akavunjika mguu. Jamaa wakamiminika kumjulia hali. Siku moja akaja mke wa mtoto wa kaka yake, bibi harusi wa juzi juzi, amekumbatia furushi. Akalikunjua juu ya miguu ya mgonjwa: mfarishi, zawadi ya kumpa pole.

Bibi Viraka akaganda. Katikati ya vipande vyekundu palikuwa na mfuko mzima wa shati la bluu. Shati lilikuwa la mumewe, la enzi za uchumba wao. Mfuko aliuacha hivyo hivyo ili mtoto wa rafiki yake apate pa kuficha peremende.

"Umeupata wapi huu, mwanangu?"

Msichana akaeleza kwamba alipewa na mama mwenye nyumba alikopanga zamani, naye aliachiwa na mpangaji aliyehama. "Wanasema aliyeushona alikuwa bingwa kwelikweli, shangazi. Mungu amrehemu."

Mzee, aliyekuwa mlangoni na birika, ilibidi aegemee ukuta kwa kicheko. "Marehemu ndiye huyo unayemtazama," akasema. "Hebu mmiminie chai kabla haijapoa."

Msichana aliona haya, hajui aweke wapi uso. Bibi Viraka alimvuta akamkumbatia, wakacheka mpaka machozi. Lakini msichana alipoondoka, mama wa watu alibaki akiupapasa ule mfuko. Kuuawa kwa maneno hakukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mikono yote ile ilipokezana mfarishi, na hakuna aliyejua mfuko ni wa nini wala mtoto yule alikuwa nani.

"Nipe sindano," akamwambia mumewe. "Na huu tuuiteje?"

"Peremende," akajibu mzee, bila hata kufikiri.

Akatarizi kwenye kitambaa cheupe: Peremende, jina lake mwenyewe, jina la mtoto aliyeshonewa, mwaka, na habari fupi ya shati. Chini akaongeza jina la mke wa mtoto wa kaka yake, akakishona kitambaa hicho nyuma ya mfarishi, pembeni. Kisha akamrudishia msichana mfarishi, akisema zawadi ameipokea, ila anayetakiwa kuulalia ni yeye.

Tangu mguu upone, anapita nyumba kwa nyumba kuitafuta mifarishi yake ya zamani. Wenyewe hawataki kuiachia, wanahofu ameijia. Inabidi akae sebuleni kwao, miwani puani, ashone lebo papo hapo huku wakimsimulia nani aliulalia mfarishi na nani aliukojolea. Mingine haijulikani ilipo. Mzee hubeba mkoba wa nyuzi na kubuni majina njiani. Mengi mkewe huyakataa.