Muji Chini ya Kifuniko cha Zahabu

Shule niliiacha darasa la pili, lakini zahabu naijua kwa vidole. Nimeichimba, nimeichoma, nimeunga pete za wanawake wengi wa mutaa wetu wa Mudzipela, na hakuna iliyorudi imeachana. Ndiyo maana shemeji yangu, mujane wa mudogo wangu, alikuja kwangu na mashini ya kuhesabu ya marehemu. Pete yake ya ndoa ilikatwa siku kidole kilipovimba. Alitaka niiunge, na zahabu itoke mule ndani.

"Ya duka sitaki," alisema. "Nataka yenye alishika yeye."

Nikaifungua. Katikati mulikuwa kipande cheupe chenye miguu mingi kama jongoo, na mugongoni kifuniko chembamba cha zahabu. Nikakiinua kwa wembe. Chini yake kulikuwa kijiwe cheusi, kidogo sana. Nikaweka lupe, kioo changu cha kukuzia zahabu, nikainama.

Niliona muji. Avenue, parsele za nyumba, vinjia vinaingia mu njia kubwa. Muji muzima bila mutu, kama vile niliona upande wa Djugu wakati wa vita, watu wakisha kukimbia. Na pembeni, herufi mbili.

Siye wachimbaji, shimo likimeza mutu, tunachonga herufi za jina lake kwenye jiwe la mulangoni. Hakuna anayechimba tena pale. Nikaweka wembe chini.

"Shemeji, humu iko mutu. Mimi siondoi kitu."

Alinicheka, lakini alisogeza kiti nyuma. Tukaita jirani anayetengeneza ordinatere, zile kompyuta. Akaangalia, akasema si kaburi. Zamani, alieleza, kila mashini ilitengenezewa akili ya kazi moja tu. Watu fulani waliotakiwa kufanya mashini ya kuhesabu wakawaza akili moja ndogo, yenye kupokea kazi yoyote utakayoiamuru. Walichora njia zake kwa mukono, mistari mikubwa ya kujaza meza, kisha wakaipunguza kwa mwangaza, kama picha, mupaka ikaenea kwenye kijiwe. Aliyechora akatia herufi zake mahali ambapo hakuna jicho lingefika.

Nikauliza kama mutu huyo iko hai.

Jirani akawasha mashini vile ilivyokuwa, wazi. Namba zikatokea, za kijani, zikaanza kukimbia zenyewe. Nilipoinama, kivuli changu kikaanguka juu ya kijiwe, zikasimama. Nikanyooka, zikakimbia. Jirani akasema mwangaza unaisumbua, kwa sababu kifuniko ndicho giza lake. Nikikiyeyusha, haitahesabu tena sawasawa.

Shemeji akanyoosha kiganja juu yake, bila kugusa. Namba zikatulia. Akakaa hivyo muda murefu, hataki kuondoa mukono.

"Rudisha," aliniambia mwisho. "Kama inasikia mukono, siwezi kuivua nguo."

Nikakibandika. Pete akaifunga kwa uzi, akaivaa hivyo-hivyo, imeachana. Watu wakimuuliza fundi gani alishindwa, anataja mimi. Namuacha ataje.