Shahidi wa Pili

Mimi ni Rihab, na ndoa yangu ilishuhudiwa na mfuga njiwa. Watu wa Halab, mji wetu huko Siria, wakisikia hivyo hucheka kwanza. Kwetu mfuga njiwa hakubaliki kuwa shahidi, maana njiwa wa mwenzake akipotea na kutua darini kwake, humfungia, kisha huapa hajamwona.

Ami Zakur, jirani yetu, alikuwa mseja wa miaka sitini mwenye ulimi wa pilipili. Mwaka wa tano wa kupigania mji, sisi wa upande wa mashariki tulipozingirwa, alikataa kuchinja njiwa wake akagawana nao dengu. Mama alimwambia ana wazimu. Akajibu kuwa wazimu ni kula wenzako.

Mtaa ulipotekwa, tukaambiwa mabasi yatatuondoa kesho. Yahya, mchumba wangu, aliandikishwa basi lingine pamoja na mama yake. Bila ndoa, kila mtu na njia yake, na Mungu ndiye ajuaye kama tungeonana tena. Shehe alikuja, baba alikuwepo, na mwoka mikate alikuwa shahidi wa kwanza. Wa pili hakupatikana ila Zakur.

Shehe akakataa. Nikawaza kwa hasira: mizinga imetushindwa, leo tuuawe na njiwa?

Zakur hakubishana. "Shehe, una haki," alisema. "Yule njiwa mweupe darini kwangu ni wa Antabli, mfugaji mwenzangu wa magharibi mwa mji. Kabla mji haujagawanyika niliapa mbele ya watu kwamba sijamwona. Niliapa uongo."

Baba akamnong'oneza kwamba anajiharibia.

"Niache, Abu Rihab. Nimenyamaza miaka mitano, yatosha."

Akapanda darini, akarudi na yule mweupe kifuani, akamwachia dirishani. Njiwa akashika njia ya magharibi, juu ya vifusi na wapiganaji, bila kugeuka. Zakur, aliyezika ndugu wawili bila chozi, akalia wazi mbele yetu. Nami nikampenda kama baba.

Shehe akafungua daftari lake. Alisema hakuna aliyemshtaki, kajishtaki mwenyewe. Mtu wa namna hiyo yeye shehe hawezi kumkataa.

"Jina lako kamili?"

"Zakur bin Hamdu Tinawi, mfuga njiwa."

"Hilo la kazi si lazima."

"Andika, shehe. Leo nisishuhudie uongo."

Akaandika. Asubuhi nilipanda basi la Yahya.