Mashimo ya Muhogo Chini ya Jalala

Jalala lilikuwa nyuma ya karakana ya zamani, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Kwa miaka mingi karakana ilimwaga huko mafuta machafu na kufukia mapipa ya dawa ambazo hakuna aliyejua majina yake. Kisha wakaja watu wenye mashine, wakafukua mapipa, wakatandaza udongo mpya na kupanda nyasi. Walizamisha mabomba ya kupimia maji ya chini ya ardhi, na mimi nikaajiriwa kuyachota kila mwezi, mhandisi ayapeleke maabara.

Watu walisema pamesafishwa. Kwa macho, ndiyo. Lakini bomba la chini kabisa mteremkoni lilinitia hofu tangu mwanzo: maji yake yalitoka na utando unaong'aa, na harufu yake ilinikaba koo. Vyura wa bondeni waliacha kulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami sikukipenda kabisa kimya kile.

Karibu na bomba hilo ndipo yalipo mashimo ya kulowekea muhogo. Kila mama wa mtaa wetu ana shimo lake. Muhogo mchungu hukaa humo hadi ulainike, ndipo uanikwe na kutwangwa uwe unga wa bukari, ugali wetu.

"Siku hizi muhogo inalainika mbio sana," mama yangu alinisifia shimo lake. "Hii maji njo ya baraka."

"Haraka haraka haina baraka, Mama."

Nikamweleza habari za bomba, nikamkataza asilitumie tena shimo lile. Nikiogopa huwa mkali, na siku ile nilikuwa mkali hasa. Alicheka.

"Tangu lini mutoto anazaa mama yake? Basi, nitaacha."

Akaacha kweli. Alibeba beseni la muhogo hadi ziwani, akilalamika njia nzima, na moyo wangu ukatulia. Nilimsumbua mhandisi azungushie mashimo uzio. Akasema tungoje majibu. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaonya akina mama. Wengine waliitikia, wengine wakaniuliza kama nitawaletea ziwa mlangoni.

Majibu yalifika baada ya mvua za kwanza. Mhandisi alinipigia simu, sauti yake imekauka: maji ya bomba la chini yana sumu, na huenda kuna mapipa yaliyosahauliwa ardhini. Nilikimbia kwenye mashimo. Shimo la mama lilikuwa limejaa muhogo, na aliyeinama kando yake ni mke wa mdogo wangu, ambaye nilipokuwa nikiwaonya akina mama alikuwa Zongwe, kijijini kwa wazazi wake, kujifungua mtoto wa kwanza.

"Mama mukwe alinipatia," alisema kwa furaha, akiniita Yaya kama mdogo wangu anavyomwita mkubwa wake. "Shimo hawaachaki bure, Yaya. Mwenye kuacha anapatiaka mukwe wake."

Desturi hiyo naijua. Hata mama alilipata hivyo kwa mama mkwe wake. Alilitii neno langu, kisha akalitii la wakubwa wake.

"Tangu lini unaloweka hapa?"

"Tangu nilirudia. Mutoto anapenda uji yake sana. Angalia vile amenona!"

Akageuka anionyeshe mtoto mgongoni. Mtoto alinichekea. Mkononi alishika kipande cha muhogo uliolainika, akikifyonza. Nilimpokonya, nikakitupa mbali, naye akaangua kilio.

"Yaya," mama yake aliniuliza, "mutoto amekosa nini?"