Kona ya Bi Chapa

Kwa miaka kumi na tisa barua zote za ofisi ya wakili zilipita kwenye vidole vya Bi Chapa. Jina hilo alipewa na wenzake, na alilipenda kuliko la kuzaliwa nalo. Wosia, mikataba, notisi za kuwahamisha wapangaji, wakili alisema huku akitazama dirishani, naye akachapa. Wakili akifika neno la mwisho, Bi Chapa ameshaweka nukta.

Wasichokijua wenzake ni kwamba huu ulikuwa mwaka wa pili macho yakimuaga, na daktari alishasema hayarudi. Skrini aliiona kama kioo chenye ukungu. Herufi alizijua kwa vidole, kwa hiyo hazikumsumbua, na kipanya alikitafutia ujanja. Anakisukuma chini kushoto mpaka kishale kigonge kona kigome, anabonyeza, orodha inafunguka, anahesabu nne kwenda chini, na ukurasa mpya huo hapo. Kona haihitaji macho.

Siri hiyo aliifungia kifuani. Mhudumu wa mapokezi alipougua mgongo alipumzishwa kazi kwa keki na barua tamu, na barua yenyewe aliichapa Bi Chapa.

Basi Jumatatu moja fundi wa kompyuta akaja na mfumo mpya. Watu wa huko mbali, waliokosa kazi ya kufanya, walikuwa wamekitoa kitufe cha kufungulia orodha kwenye kona wakakiweka katikati, na orodha ya maneno wakaigeuza vipicha visivyo na majina. Ofisi nzima ikachachamaa. Mhasibu alilalamika kwamba ni kama amehamishiwa jikoni kwa watu, hajui chumvi iko wapi. Karani wa mafaili alimjibu kwamba mzee hata apewe nini hanogewi, mbona kunapendeza. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Bi Chapa alicheka walipocheka.

Siku hiyo alimaliza barua mbili. Kawaida yake ni kumi na tano.

Jioni binti yake alimsomea mabishano ya mtandaoni, maana kumbe kitufe kile kilikuwa kinagombanisha watu kila mahali. Wengine walikililia, wengine waliwacheka wanaolia. Bi Chapa akamwomba aandike na hoja yake, kwamba kona haikosewi, ila katikati hakuna ukuta wa kuusimamisha mkono. Jibu lilikuja hata hawajanawa mikono kwa chakula cha jioni. Binti akalisoma kabla hajafikiri.

"Kama huoni kitufe kilichokaa katikati ya skrini, shida siyo kitufe."

Akaiweka simu chini taratibu.

"Mama, kwani wewe pale unaona nini?"

"Mwanga," akasema. "Naona mwanga, basi."

Binti alilia. Alimsihi kesho amwambie wakili, kwamba ni mtu mwelewa, kwamba atamsaidia. Bi Chapa aliahidi, na alikuwa anamaanisha.

Asubuhi wakili, aliyechoshwa na kelele, aliwakusanya wote, fundi pembeni na karatasi yake. Mfumo wa zamani unaweza kurudishwa, alisema, lakini kwa mwenye sababu ya kazi, siyo kwa kupenda na kuchukia. Mhasibu alijitetea weee, akagonga mwamba. Karani alisema yeye ameshazoea.

"Na wewe Bi Chapa, sababu yako nini?"

Nafasi ndiyo hiyo. Akaikumbuka keki. Akaikumbuka barua, akajiuliza safari hii ingechapwa na nani.

"Mazoea tu, bosi."

Wakacheka, tena kwa upendo. Fundi akaandika "mazoea" na kuikunja karatasi. Wakili akamfariji kwa upole kwamba wiki haiishi atakuwa amesahau, kisha akavuta kiti kando ya meza ya Bi Chapa. Kulikuwa na barua ya haraka.

"Haya, fungua ukurasa mpya."

Bi Chapa akakisukuma kipanya chini kushoto. Kishale kikagonga kona, kikagoma. Akabonyeza, akahesabu nne kwenda chini, huku anajua wazi kwamba pale hapana kitu, ila mkono haukuwa na pengine pa kwenda. Wakili akageukia dirisha lake, akaanza kusema, na vidole vikamfuata neno kwa neno, bila kosa hata moja, mahali ambapo hapakuwa na ukurasa.