Kofia ya Kwanza Haifichwi

Koko Kouraichia alizaliwa Ambanoro, kisiwani Nosy Be, akaolewa Mahajanga, akafiwa na mume huko huko. Tangu hapo alikuwa na kazi mbili: kudarizi kofia na kutoa ushauri. Kofia aliuza. Ushauri aliugawa bure, wala hakungoja kuombwa. Alikaripia kwa Kingazija na kutania kwa Kimalagasi, na mtaa mzima ulimwita Koko, yaani bibi, hata waliomkaribia kwa umri, maana kumwita vinginevyo kulihitaji ujasiri.

Houmadi alikuwa hamali bandarini. "Mgongo hauna akiba," Koko alimwambia. "Jifunze lori ungali na meno." Akajifunza. Safari yake ya kwanza alilitumbukiza mtaroni njia ya Belobaka, akarudi nyumbani kujificha. Koko akamfukuza arudi mchana kweupe akalisukume mbele ya watu. Sasa ndiye anayetuletea mchele kutoka bara. Zalifa naye alikwenda kujifunza kudarizi. Koko alimtazama kidogo, akasema, "Vidole vyako ni vya jikoni, mwanangu. Nenda kakaange." Zalifa alilia sana, kisha akaenda kukaanga, na mpaka leo vitumbua vyake havilali. Hata starehe Koko aliipangia watu. Kukiwa na ngoma ya harusi, sharti uende, kwani asiyecheka, alisema, sindano humchoma.

Kulikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha, nalo alilitoa Ambanoro kwa mama yake. Kofia ya kwanza ya mwanafunzi haifichwi. Hata ikiwa imepinda, baba au kaka wa msichana aivae sala ya Ijumaa, watu waione, wacheke, waseme ilipoharibika. Ya kwangu, nilipojifunza kwake, aliivaa kaka yangu, imemkaa kama sufuria iliyobonyea. Nilimchukia Koko mwezi mzima. Ya pili ilinyooka.

Starehe yake mwenyewe ilikuwa hiyo hiyo Ijumaa. Alikaa barazani, mkabala na msikiti, akizitambua kofia za wanaume wanapotoka. "Ile yangu. Ile ya Sittou, anavuta mno uzi." Kwa mbali aliona vizuri ajabu. Kwa karibu, mwaka ule wa tatu wa uhuru, macho yalikuwa yamemtupa. Vile vitundu vidogo vya kofia alivipapasa tu, na miwani ya hospitali haikumfaa kitu. Hakumwambia mtu, kwa sababu mlo wake ulitoka kwenye sindano ile. Nasi tulioona hatukumwambia yeye. Tulizinunua zile kofia zilizokwenda upande, tukashukuru, tukazifungia kabatini. Hiyo tuliiita adabu.

Houmadi alinunua moja. Ijumaa iliyofuata alitoka msikitini amevaa kofia yake kuukuu. Koko akamtazama, akamtazama wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo. Hakuna aliyevaa kofia aliyoidarizi yeye mwaka ule. Akamwita.

"Houmadi. Ile mpya iko wapi?"

"Iko nyumbani, Koko. Naitunza."

"Unaitunzia nini, maziko yako?"

Houmadi, dereva mzima mwenye ndevu, akainamisha kichwa akatazama viatu vyake. Koko akaingia ndani na kufunga mlango.

Nilipompelekea chakula alikuwa bado anawaka. "Macho ni ya Mungu, akiyataka ni yake," alisema. "Lakini ninyi! Mngezivaa ningejua. Mmeniacha nadarizi takataka, nikijiona fundi." Kisha akaniuliza atakula nini mwezi ujao. Nikaosha vyombo.

Siku chache baadaye alijitanda shiromani yake akaenda kwa Zalifa. Tulidhani anakwenda kumshauri.

"Nifundishe," alisema.

Zalifa akaangusha upawa. "Koko, wewe ukae kwenye moshi?"

"Nilikwambia kazi haina aibu, au nilikudanganya?"

Zalifa hakulipiza, ingawa mimi ningelipiza. Alimfundisha kupima unga kwa kiganja na kusikiliza mafuta, kwani kitumbua kikikaribia kuiva mlio wake hupungua. Ijumaa ikafika. Koko akaweka jiko lake barazani, mahali pale pale alipokuwa akizitazamia kofia. Mkupuo wa kwanza ulitoka mweusi. Zalifa akavuta kitambaa aufunike haraka kabla watu hawajatoka kusali, na Koko akampiga mkono.

"Vya kwanza havifichwi."

Wanaume wakatoka. Koko akamwita Houmadi, akamtilia kitumbua mkononi mbele ya wote. Houmadi akatafuna, akameza kwa taabu.

"Kitamu, Koko."

"Houmadi."

Houmadi akakitazama kile kitumbua, akamtazama bibi.

"Kimeungua nje," alisema polepole. "Na ndani kibichi, Koko. Kibichi kabisa."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wengine wakafuata, mpaka Zalifa. Koko akavuta ukuni mmoja kutoka jikoni kupunguza moto, akachota unga mwingine.

"Umeona?" alimwambia Houmadi. "Wala hukufa."