Muzdalifa na Watu wa Benchi

Sijui kwa nini watu wazima, wenye macho yao na shule zao, wanifuate mimi niandike. Mie kuandika nimefundishwa ukubwani, darasa la ngumbaru, na mwalimu wetu alihamishwa hatujafika mbali. Nikawaambia, mnataka habari za Muzdalifa, muulizeni Muzdalifa, mdomo anao. Wakasema, bibi, wewe ulikuwepo tangu mwanzo. Haya, nilikuwepo. Naandika, lakini asinirekebishe mtu.

Muzdalifa ni mkamwana wangu, mke wa Habibu, mwanangu wa mwisho. Kwao Chumbi. Alipoletwa hapa Mtawanya nilimwona mwembamba, nikasema huyu jembe litamvunja. Kumbe! Msimu wa mpunga tunashuka bondeni kuamia ndege, tunashinda juu ya dungu, kichanja chetu cha miti, tangu alfajiri, kila mtu na debe lake la kupiga. Muzdalifa hakubeba debe. Anasimama, anapiga ukelele mmoja, ndege wa shamba letu na wa jirani wote juu. Majirani wakinitania, "Bi Zuena, umeletewa mkwe au honi ya lori?" Nami nawajibu, "Nyie pigeni madebe yenu, wenye honi tupumzike."

Akazaa mtoto wa kiume kwenye kituo cha afya. Jina la kituo silitaji, wanaokijua wanakijua. Kesho yake wakamruhusu. Nyumbani nikamweka ndani kama nilivyowekwa mimi. Kwetu mzazi hatoki mpaka arobaini yake. Dirisha linatundikwa khanga, mwanga usimpige wala jicho la mtu, naye anasingwa kwa binzari ya manjano na mafuta ya nazi, tumbo, mgongo, matiti, mpaka anang'aa. Mtoto akinyonya na yeye anatoka na rangi. Nimezaa hivyo, nimelea hivyo. Mtoto tukamwita Iman.

Kitovu kilikuwa hakijadondoka nilipoona hanyonyi sawasawa. Anashika titi, analala. Ukimfinya kisigino anafumbua mdomo, analala tena. Muzdalifa akasema, "Mama, mtoto huyu mzito wa usingizi."

"Kamfuata baba yake," nikamjibu. Tukacheka.

Lakini moyo wangu haukutulia. Nikafanya jambo ambalo mama mkwe wangu mimi angenifukuza nyumba: nikaishusha ile khanga ya dirishani mchana kweupe. Nikamfuta mtoto kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Rangi haikutoka. Nikamfumbua jicho kwa kidole. Pale panapokuwa peupe palikuwa kama kiini cha yai la kienyeji.

"Mfunge mtoto tuondoke," nikamwambia.

"Mama, na arobaini?"

"Arobaini tutaimalizia tukirudi."

Tukapanda bodaboda, hao kituoni. Benchi limejaa wanawake na watoto wao. Mganga wa zamu, kijana mmoja anaitwa Mudrick, alitutazama akiwa mlangoni pake, hata ndani hatukuingia. Akamwona Muzdalifa shingo na mikono inang'aa binzari. Akasema kwa sauti, benchi lote lisikie, "Bibi, huyu mtoto mnamlea au mnamkaanga? Mmemtia viungo kama kuku wa pilau!"

Benchi likacheka.

"Baba, mtazame jicho," nikamwambia.

"Kamwogesheni vizuri, asubuhi mumwoteshe jua. Na mila zenu hizo muache."

"Nimesema mtazame jicho."

"Anayefuata!"

Tukarudi. Tukamwogesha, jua tukamwotesha. Haikusaidia kitu. Mtoto akaanza kukunja mgongo kinyumenyume, kichwa nyuma, visigino nyuma, kama upinde. Kilio kikawa chembamba, kinakwaruza kama mlango wa bati. Tukakimbia kituoni tena. Safari hii Mudrick hakutania. Likaitwa gari, tukapelekwa hospitali kubwa. Huko wakamlaza uchi chini ya taa za buluu, macho wamemfunga kitambaa. Daktari wa kule, mama wa makamo, akatuita pembeni.

"Mama zangu," akasema, "rangi hii inatoka kwenye damu. Watoto wengi wanaipata na inaisha. Ikizidi sana inaingia kwenye ubongo, na ikishauharibu hatuna cha kuurudisha. Angeletwa mapema, taa hizi zingemfaa."

Muzdalifa akamjibu, "Tulimleta." Neno hilo moja. Analisema mpaka leo.

Iman sasa amefika umri wa kwenda shule. Shingo haijakaza. Mikono inajisokota yenyewe. Uji analishwa kwa kijiko, kidogo kidogo, asipaliwe. Habari ya masikio tuliijua bondeni. Muzdalifa alimfunga mgongoni wakapanda dunguni, ndege wakashuka kundi zima, akapiga ukelele wake ule. Mimi niliyeuona unakuja nilishtuka. Mtoto mgongoni hata kope haikucheza. Muzdalifa akamzungusha mbele, akamtazama usoni muda mrefu. Hakupiga ukelele tena siku ile. Nilipiga debe mimi.

Muzdalifa alipochoka kulia akaanza kudai. Ana darasa lake la saba, haachi kibandiko ukutani bila kukisoma. Akampata mwanasheria wa msaada, binti anaitwa Rukaiya, ana chumba cha ofisi Kibiti mjini. Shauri likafunguliwa. Anachotaka ni hiki: wakubali walichomfanyia mtoto, na wamgharimie mazoezi na matibabu maisha yake yote. Kituo wakajibu kwamba hawakutuona mpaka mtoto keshakakamaa. Ati tulimficha gizani tukimpaka vitu vyetu. Na kweli, siku ile ya kwanza hakuna aliyetuandika, tulifukuziwa mlangoni.

Habibu akanijia. "Mama, ukiitwa kule sema hukupaka binzari. Wataishikilia hiyo."

"Nilipaka."

"Mama!"

"Nilipaka, na mjukuu mwingine akizaliwa nitapaka. Binzari haipakwi ndani ya jicho. Unataka nishike Msahafu niseme uongo kwa ajili ya Mudrick?"

Muzdalifa alikuwa anapepeta mchele, hata uso hakuinua. "Mwache Mama aseme kweli," akamwambia mumewe. "Tukisema uongo mmoja, wataficha uongo wao nyuma ya wetu."

Habibu akanuna, akaenda zake kwa muuza kahawa.

Rukaiya akatueleza kuwa maneno yangu peke yake hayatoshi. Mimi ni bibi wa mtoto, watasema nampendelea. Apatikane mtu wa benchi lile, aliyetuona na kumsikia Mudrick siku ile. Basi Muzdalifa, mtoto mgongoni, akaanza kuzunguka kutafuta. Mmoja alimkumbuka sura, Mwantumu, anayekaanga vitumbua Mahege. Tukaenda wote wawili. Mwantumu akatutandikia mkeka. Alipomtazama Iman vizuri akasahau chuma chake, vitumbua vikaungua.

"Ulikuwepo, dada," Muzdalifa akamwambia.

"Nilikuwepo."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Na nilicheka, Mola anisamehe."

"Basi njoo useme hivyo hivyo."

Mwantumu akajishika tumbo, ndipo na mimi nikaliona. "Dada yangu, na mimi nikazalie wapi? Kituo ni kile kile, na Mudrick yupo."

Mdomo nilishaufumbua nimtukane. Muzdalifa akanibana goti. Akamwambia mwenzake, "Ukishazaa, mtoe mtoto penye mwanga umtazame macho. Ukiona rangi usingoje kesho. Niite, nitakuja nikae na wewe kwenye benchi, na sitaondoka mpaka atazamwe."

Mwantumu akaitikia kwa kichwa huku analia. Njiani nikamgombeza mkamwana wangu. "Umemwachia! Ulikuwa umeshampata!"

"Nimemwacha azae, Mama. Ungekuwa wewe, ungekwenda?"

Ningekwenda. Lakini mimi nimeshapita umri wa kuzaa na yeye Mwantumu hajapita.

Shauri linasikilizwa baada ya mavuno haya. Muzdalifa anaendelea kuzunguka, Mahege, hapa Mtawanya, mpaka kwao Chumbi. Iman anazidi kuwa mzito na mgongo wa mama yake ni ule ule. Wengine wakimwona anakuja wanaingia ndani. Mmoja alimwambia, "Dada, achana nayo, hiyo ni kadari ya Mungu." Muzdalifa akamwambia kadari anaijua, na mlango wa Mudrick anaujua pia.

Sasa wewe unayesoma. Benchi lile lilijaa, hakuwa Mwantumu peke yake. Wewe wa dera la kijani uliyecheka mpaka ukajishika mbavu, sura yako ninayo. Wewe uliyekuwa na mapacha wenye kikohozi, ulisogea tupite, sijasahau. Sikudai kosa lolote, mganga hukuwa wewe. Njoo Mtawanya uulize kwa Bi Zuena, kila mtu atakuonyesha. Rukaiya ataandika utakachosema, wewe utie kidole tu. Na kama hukuwepo, chukua karatasi hii uisome kwa sauti mahali wanawake wanaposubiri na watoto wao, uisome mpaka mwisho, halafu uwaulize nani alikuwepo. Usituletee pole, tumepewa nyingi. Tuletee mtu.